Bob Marley na Kundi la Wailers: Imani Katika Mfuatano wa Albamu

Robert Nesta Marley, mwimbaji ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Bob, aliaga dunia tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Miaka mitatu baadaye, kampuni iliyokuwa ikisambaza kazi zake ilichagua nyimbo 14 na kuzitoa pamoja kwa jina la Legend. Mkusanyo huo umeuza zaidi ya nakala milioni 25. Ndio unaosikika kwenye matatu, kwenye vinyozi na katika vyumba vya wanafunzi, na kwa wasikilizaji wengi ndio Marley mzima: mtu wa tabasamu, mapenzi na amani.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, mkusanyo uliofanywa na watu wengine baada ya mtunzi kufa ni shahidi wa kutiliwa shaka. Mshairi anayepanga diwani yake huamua shairi lipi litangulie na lipi lifunge, na mpangilio wenyewe huwa ni sehemu ya maana. Marley alikuwa mtunzi wa aina hiyo. Tangu mwaka 1973 hadi kifo chake alitunga kwa albamu, wala si kwa wimbo mmojammoja tu. Anayezifuata albamu hizo kwa utaratibu zilivyotoka hukutana na mtu tofauti kidogo na yule wa Legend. Hukutana na muumini aliyekuwa akijaribu, mwaka baada ya mwaka, kuifikisha imani ya maskini wa Kingston kwa hadhira ambayo haikuwa imeomba kuhubiriwa.

Alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile, wilaya ya St. Ann, nchini Jamaika. Mamaye, Cedella Malcolm, alikuwa msichana Mwafrika wa umri wa miaka 18. Babaye, Norval Marley, alikuwa Mzungu mzaliwa wa Jamaika aliyekaribia miaka 60, naye hakushiriki sana katika malezi ya mwanawe. Aliaga dunia mwaka 1955. Mtoto alikulia mashambani miongoni mwa ndugu za mamaye, na uchotara wake ukamfanya aonekane mgeni kwa pande zote mbili. Inafaa kukumbukwa pia kwamba St. Ann ndiyo wilaya alikozaliwa Marcus Garvey mnamo 1887, yule aliyewahimiza watu weusi wa Marekani na visiwa vya Karibi waielekeze mioyo yao Afrika.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mama na mwana walihamia Kingston na kuishi Trench Town, mtaa wa maskini uliopewa jina ambalo baadaye lingetajwa katika nyimbo nyingi. Waliishi pamoja na Thaddeus Livingston na mwanawe Neville, ambaye wote walimwita Bunny. Vijana hao wawili walifahamiana tangu Nine Mile. Huko mtaani walimpata wa tatu, Winston Hubert McIntosh, kijana mrefu aliyejua kupiga gitaa. Yeye ndiye Peter Tosh. Mwalimu wao alikuwa Joe Higgs, mwimbaji aliyewafunza bila malipo namna ya kuoanisha sauti tatu. Higgs hakuwa mlegevu. Aliwarudisha nyuma kila walipokosea, na ustadi wa sauti unaosikika katika rekodi zao za mwanzo ni matunda ya mazoezi hayo ya uani.

Marley alijifunza kazi ya kuchomelea vyuma lakini haikumkaa moyoni. Mwaka 1962, mwaka ambao Jamaika ilijipatia uhuru, alirekodi wimbo wake wa kwanza kwa mtayarishaji Leslie Kong. Haukuuza. Mwaka uliofuata vijana wale, pamoja na wenzao kadhaa, waliunda kundi lililokuja kuitwa Wailers, yaani waombolezaji. Walikwenda kwa Clement Dodd, mwenye Studio One, na mnamo 1964 wimbo wao wa kuwatuliza vijana wakorofi wa mitaani uliongoza kote kisiwani. Mwaka 1965 Dodd alizikusanya baadhi ya rekodi zao katika santuri moja. Hiyo haikuwa albamu kwa maana inayokusudiwa hapa. Ilikuwa ni kapu la nyimbo za ska, nyingine za mapenzi, nyingine za kuiga waimbaji wa Marekani, na malipo waliyopata vijana yalikuwa haba mno.

Tarehe 10 Februari 1966 Marley alimwoa Rita Anderson, naye punde akaondoka kwenda kwa mamaye aliyekuwa amehamia Delaware, Marekani. Huko alifanya kazi za vibarua, ikiwamo katika kiwanda cha magari. Hivyo basi hakuwapo Kingston tarehe 21 Aprili 1966, siku ambayo Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alitua Jamaika. Maelfu ya Marastafari walifurika katika uwanja wa ndege. Rita alikuwamo barabarani msafara ulipopita, na alisimulia maisha yake yote kwamba aliona alama ya msumari katika kiganja cha mfalme alipopunga mkono. Marley aliporejea Kingston mwishoni mwa mwaka huo alimkuta mkewe amekwisha kuamini.

Imani hiyo inahitaji kuelezwa kidogo, kwani bila hiyo albamu hazifunguki. Selassie, ambaye kabla ya kutawazwa aliitwa Ras Tafari, alivikwa taji tarehe 2 Novemba 1930. Maskini wa Jamaika waliokuwa wamesikia mafunzo ya Garvey waliichukua habari hiyo kuwa utimizo wa maandiko: Simba wa Yuda amesimama, naye ni mweusi. Waliusoma utumwa wao kuwa ni uhamisho wa Waisraeli, wakaiita dunia ya wakoloni Babeli na Afrika Sayuni, na Mungu wakamwita Jah, jina wanalolipata katika Zaburi. Ngoma zao za ibada zinaitwa nyabinghi, neno lenye asili ya huku kwetu Afrika Mashariki. Nyabingi ni roho iliyoheshimiwa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, na kaskazini mwa Rwanda, ambako wafuasi wake waliwapinga wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Jina hilo lilifika Jamaika kupitia magazeti ya miaka ya 1930. Wapo pia wanaozihusisha nywele za msokoto za Marastafari na picha za wapiganaji wa Mau Mau zilizosambaa katika miaka ya 1950, ingawa suala hilo lingali na ubishi.

Mlezi wa kiroho wa Marley alikuwa mzee Mortimo Planno, yule yule aliyepanda ngazi ya ndege kumwongoza Selassie ashuke katikati ya umati. Kwake Marley alijifunza maandiko na ngoma. Hata hivyo, mabadiliko hayakuonekana mara moja katika rekodi. Kati ya 1966 na 1970 kundi lilihangaika. Walianzisha kampuni yao ndogo wakashindwa kuiendesha, na Marley akarudi Nine Mile kulima kwa muda.

Mlango ulifunguliwa na Lee Perry, mtayarishaji mwenye vituko na kipaji kisicho cha kawaida. Katika albamu mbili alizowatayarishia, Soul Rebels ya mwaka 1970 na Soul Revolution ya mwaka 1971, ala zilipunguzwa, mdundo ukazama chini, na sauti ya Marley ikabaki peke yake kama ya mtu anayenong’ona chumbani. Kwa Perry pia ndiko walikowapata ndugu wawili, Aston Barrett wa gitaa la besi na Carlton Barrett wa ngoma. Hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa bendi hadi mwisho. Wasikilizaji wengine hushikilia kwamba Wailers hawakuwahi kurekodi kitu bora kuliko kazi za kipindi cha Perry, na si rahisi kuwabisha.

Mwaka 1972 kundi lilijikuta London bila nauli ya kurudi nyumbani. Ndipo Marley alipokwenda kumwona Chris Blackwell, Mzungu aliyelelewa Jamaika na mmiliki wa kampuni ya Island. Blackwell aliwapa pauni 4,000 wakarekodi albamu nzima Kingston, jambo ambalo lilikuwa geni kwa waimbaji wa rege waliozoea kulipwa kwa wimbo mmoja. Aliyoyafanya baada ya kupokea kanda hizo ndiyo yaliyozua mjadala usiokwisha. Aliona kwamba wateja wa muziki wa roki wa Uingereza na Marekani hawangeupokea mdundo ule ukiwa mtupu. Kwa hiyo alimwita mpigaji gitaa kutoka Alabama, Wayne Perkins, na mpigaji kinanda John Bundrick, wakaongeza ala zao juu ya zile za Kingston. Albamu hiyo, Catch a Fire, ilitoka mwaka 1973, na nakala za mwanzo zilikuwa na jalada lenye umbo la kiberiti cha chuma, lililofunguka kwa bawaba.

Je, huko kulikuwa kuuza imani? Mwaka 2001 kanda za awali za Kingston zilichapishwa kando ya zile za London, na sasa yeyote anaweza kulinganisha. Tofauti ni ya ala, si ya maneno. Maelezo ya mtumwa anayekumbuka mjeledi na ya mtaa uliofungwa kama gereza la zege yalibaki yalivyokuwa. Marley mwenyewe alikuwapo London gitaa lilipoongezwa na aliridhia. Alikubali kanzu mpya ilimradi mwili uwe ule ule, na uamuzi huo ndio uliokuja kumfikisha Afrika. Wenziwe hawakuridhika kwa kiwango hicho.

Albamu ya pili ya mwaka huo huo, Burnin’, ilikuwa ya mwisho kwa watatu hao. Inaanza kwa mwito wa kudai haki na kufungwa kwa wimbo wa ibada wa Marastafari unaopigwa kwa ngoma za nyabinghi. Mpangilio huo haukuwa bahati nasibu: msikilizaji aliyeingia kwa siasa alitolewa kupitia mlango wa kanisa. Lakini Bunny alichoshwa na ziara za baridi, na vyakula vilivyokinzana na miiko ya imani yake, na kumbi zisizompendeza. Alikataa kwenda Marekani. Aliyeshika nafasi yake katika ziara hiyo hakuwa mwingine bali Joe Higgs, mwalimu wao wa zamani. Tosh naye aliona kwamba kampuni inamkuza mmoja na kuwafifisha wawili. Hakukosea, kwani albamu iliyofuata ilibeba jina jipya: Bob Marley and the Wailers. Mwaka 1976 kila mmoja kati yao watatu alitoa albamu yake, na ile ya Bunny, Blackheart Man, ina kina cha kiroho ambacho Marley hakukizidi. Marley na Tosh waliitikia humo. Ndugu walikuwa wamegawana nyumba, lakini bado waliingiliana uani.

Natty Dread ya mwaka 1974 ilijaza pengo la sauti za wanaume kwa sauti za wanawake watatu: Rita Marley, Judy Mowatt na Marcia Griffiths. Badiliko hilo halijapewa uzito unaostahili na wachambuzi wengi. Uimbaji wa Wailers ulikuwa umejengwa juu ya sauti tatu zilizo sawa. Sasa ukawa wa kiongozi na waitikiaji, muundo ambao mwanafunzi wa fasihi simulizi anautambua papo hapo, na unaoafiki zaidi kazi ya mhubiri. Katika albamu hiyo mna wimbo wa kumfariji mwanamke wa Trench Town, ambao utunzi wake ulinasibishwa na Vincent Ford, rafiki aliyewalisha maskini wa mtaa huo kutoka jikoni kwake. Ulipoimbwa mbele ya umati katika ukumbi wa Lyceum, London, mwezi wa Julai 1975, na kutolewa katika albamu Live!, ndio uliompa Marley umaarufu Uingereza. Mabishano juu ya nani hasa alitunga nyimbo za kipindi hicho yalifika mahakamani miaka mingi baadaye, kwa sababu Marley alikuwa amefungwa na mkataba wa zamani wa uchapishaji.

Tarehe 28 Agosti 1975 ilitangazwa kwamba Haile Selassie amekufa mikononi mwa wanajeshi waliompindua mwaka uliotangulia. Kwa imani iliyomwona mfalme huyo kuwa Mungu katika mwili, hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko yote. Magazeti yaliwacheka Marastafari. Marley hakuandika makala wala kujibizana. Aliingia studio na kurekodi wimbo unaokana kifo hicho, ukatolewa Jamaika muda mfupi baadaye. Albamu iliyofuata, Rastaman Vibration ya mwaka 1976, iliingia katika kumi bora za Marekani. Ndani ya jalada lake ziliwekwa baraka za Yusufu kutoka Mwanzo 49, kwani Marley alikuwa mwanachama wa Makabila Kumi na Mawili ya Israeli, kundi la Kirastafari ambalo humpangia muumini kabila kwa mwezi wa kuzaliwa, na la Februari ni Yusufu. Wimbo mmoja katika albamu hiyo ulichukua karibu neno kwa neno hotuba ambayo Selassie aliitoa katika Umoja wa Mataifa mwaka 1963 na kuitia mdundo. Hoja ya mfalme aliyezikwa kisirisiri ilikuwa sasa ikichezwa kwenye redio. Ni vigumu kufikiria jibu kali zaidi kwa waliocheka.

Jamaika yenyewe ilikuwa ikiwaka. Uchaguzi wa Desemba 1976 uliwakutanisha Waziri Mkuu Michael Manley na Edward Seaga, na vyama vyao viligawanya mitaa ya Kingston kwa bunduki. Marley alikubali kuimba katika tamasha la bure la kutuliza hasira, na serikali ikatangaza uchaguzi karibu na tarehe hiyo, jambo lililofanya aonekane mpiga debe wa Manley. Usiku wa tarehe 3 Desemba watu wenye silaha waliivamia nyumba yake, nambari 56 Barabara ya Hope. Rita alipigwa risasi kichwani, meneja wake akapata majeraha makubwa, na Marley akajeruhiwa kifuani na mkononi. Wote waliponea. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani mbele ya maelfu ya watu na kuimba akiwa na majeraha yake, kisha akaihama nchi.

Exodus ilirekodiwa London na kutolewa tarehe 3 Juni 1977. Jina ni la kitabu cha Kutoka, na muundo wake unastahili kuchunguzwa kama unavyochunguzwa muundo wa utenzi. Upande wa kwanza wa santuri unaanza kwa hali ya fumbo, unapitia usaliti, hatia na mapambano, na kuishia katika msafara wa taifa zima linalotoka Babeli. Mtu aliyekoswakoswa na risasi hapa hataji risasi hata mara moja. Ameigeuza habari yake kuwa habari ya umma. Upande wa pili ni wa dansi, mapenzi na faraja, na unafungwa kwa mwito wa umoja. Pande hizo mbili zinahitajiana. Faraja ya upande wa pili ni ya watu waliokwisha kuvuka bahari, si ya watu wasiowahi kuona taabu. Mwaka 1999 jarida la Time liliiteua kuwa albamu bora ya karne.

Kaya, iliyotoka Machi 1978, ilitokana na vipindi vile vile vya London. Neno hilo lisichanganywe na kaya za Wamijikenda, ingawa nazo ni mahali patakatifu. Kwa Marastafari ni jina la bangi, wanayoitumia katika ibada. Ni albamu tulivu ya mapenzi na siku za mvua, na wahakiki walimshutumu kwamba amelegea. Shutuma hizo zilikuwa za haraka. Mwezi uliofuata, tarehe 22 Aprili, alirudi Kingston kuimba katika tamasha la amani, na katikati ya wimbo akawaita Manley na Seaga jukwaani, akaikutanisha mikono yao juu ya kichwa chake. Amani hiyo haikudumu. Uchaguzi wa mwaka 1980 ulimwaga damu nyingi zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 1978 Marley alikanyaga Afrika kwa mara ya kwanza. Alifikia Kenya, nchi iliyokuwa ndio kwanza imemzika Mzee Kenyatta, kisha akaenda Ethiopia. Hakuja kama mwimbaji mwenye ziara. Alikuja kama mwenye kuhiji. Alizuru Shashemene, ardhi ambayo Selassie aliwatengea watu weusi wa ng’ambo waliotaka kurejea. Sayuni aliyoikuta ilikuwa chini ya utawala wa Mengistu na wenzake, wale wale waliompindua mfalme. Mtu mwenye imani changa angerudi amevunjika moyo. Marley alirudi na albamu.

Survival, iliyotoka Oktoba 1979, ilirekodiwa katika studio yake mwenyewe kwenye Barabara ya Hope. Jalada lake limepangwa bendera za nchi za Afrika, na kwenye utepe wa jina umechorwa mpango wa meli ya watumwa, miili ikiwa imelazwa safu kwa safu. Mlaza mabomba ya Detroit hakuhitaji kuijua Biblia ili kuelewa jalada hilo, na mkulima wa Murang’a hali kadhalika. Hapa Afrika si Sayuni ya mbali tena. Ina wanajeshi, mipaka na vita vya ukombozi, na wimbo mmoja unaitaja Zimbabwe kwa jina wakati ambapo nchi hiyo ilikuwa bado haijapata uhuru. Hakuna albamu yake nyingine iliyofungamana na wazo moja kiasi hicho, na kwa hukumu ya makala haya ndiyo bora kuliko zote, ijapokuwa Exodus ina nyimbo tamu zaidi.

Matokeo yake yalionekana tarehe 17 Aprili 1980. Baada ya kuimba Libreville, Gabon, mwezi wa Januari, Marley alialikwa kuimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe katika uwanja wa Rufaro. Aligharimia mwenyewe usafiri wa ala na mitambo. Usiku huo uwanjani waliketi wageni mashuhuri, akiwamo Mwanamfalme Charles wa Uingereza, ilhali wananchi na wapiganaji walikuwa wamefungiwa nje. Waliposikia muziki walisukuma milango. Polisi walirusha vitoa machozi, na moshi ukawafikia wanamuziki jukwaani. Siku iliyofuata aliwaimbia umati uliokosa nafasi usiku ule. Yaliyoikuta Zimbabwe baadaye ni kisa kingine, lakini moshi ule ulikuwa dalili ambayo wachache waliisoma.

Wakati huo mwili wake ulikuwa umeanza kusalimu amri. Mwaka 1977, baada ya kuumia katika mchezo wa soka, madaktari waligundua saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Walishauri kidole kikatwe. Alikataa, ukucha na nyama yake vikaondolewa na ngozi nyingine kupandikizwa. Wengi husema alikataa kwa ajili ya imani, ambayo huheshimu uzima wa mwili. Wengine husema aliogopa kushindwa kucheza dansi na mpira. Huenda sababu zote mbili zilikuwamo.

Uprising, ya Juni 1980, ndiyo albamu ya mwisho aliyoitoa akiwa hai, na ni ya dini karibu yote. Inamalizika kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia: besi kimya, ngoma kimya, waitikiaji kimya, mtu mmoja na gitaa lake akiwaza juu ya watumwa waliouzwa na juu ya ukombozi wa akili, wazo alilolirithi kutoka hotuba ya Garvey ya mwaka 1937. Mwezi huo huo aliimba mbele ya watu wapatao 100,000 katika uwanja wa San Siro, Milan. Mnamo Septemba alianguka akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York, na ikabainika kwamba saratani imefika ubongoni. Siku mbili baadaye, tarehe 23, aliimba Pittsburgh kwa mara ya mwisho.

Tarehe 4 Novemba 1980 alibatizwa katika Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia na kupewa jina Berhane Selassie, maana yake mwanga wa Utatu. Baadhi ya Marastafari waliona huko ni kuiacha njia. Wengine walikumbuka kwamba hilo lilikuwa kanisa la Selassie mwenyewe. Alitibiwa Ujerumani kwa miezi kadhaa bila kupona, na akafariki Miami akiwa njiani kurejea nyumbani. Katika mazishi ya kitaifa ya tarehe 21 Mei 1981, ibada iliongozwa na askofu mkuu wa Kiorthodoksi huku Marastafari wakipiga ngoma zao, na hotuba ya serikali ikatolewa na Edward Seaga, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu. Alizikwa Nine Mile pamoja na gitaa na Biblia.

Hakuacha wasia, na mali yake ikagombaniwa kwa miaka. Mwaka 1983 Rita na Island walitoa Confrontation, iliyokusanya rekodi zilizobaki. Jalada lake lina Marley akimchoma joka kwa mkuki kama Mtakatifu George wa michoro ya Kiethiopia, na ndani yake umechorwa ushindi wa Waethiopia dhidi ya Waitalia huko Adwa mwaka 1896. Waliolitengeneza walimjua marehemu.

Mwaka uliofuata ikatoka Legend. Orodha yake inajieleza yenyewe. Kutoka Exodus zilichukuliwa nyimbo tano: moja tu ya upande wa kwanza, na nne kati ya tano za upande wa pili. Kutoka Kaya, albamu iliyoitwa legelege, mbili. Kutoka Rastaman Vibration, pamoja na hotuba ya Selassie, hakuna. Kutoka Survival, albamu yenye bendera za Afrika, hakuna hata mmoja.

Peter Tosh aliuawa nyumbani kwake tarehe 11 Septemba 1987, miezi mitano baada ya Carlton Barrett kuuawa kwake. Bunny Wailer, aliyebaki peke yake kati ya wale watatu wa Trench Town, alifariki tarehe 2 Machi 2021. Aston Barrett, ambaye besi yake inasikika katika kila albamu iliyotajwa hapa tangu ile ya Perry, alimfuata tarehe 3 Februari 2024.